Ateniueta ya Blues Junior kwa matumizi ya nyumbani: desibeli kwanza, jina la kampuni baadaye

Fender Blues Junior inahesabiwa kuwa amplifaya ndogo: wati 15, tyubu mbili za EL84 kwenye hatua ya nguvu, tyubu tatu ndogo za 12AX7 kwenye priampu (hatua ya mwanzo ya kukuza sauti), na spika moja ya inchi 12. Lakini ukiifungua sauti mpaka EL84 zianze kukwaruza, sebule haitoshi. Toleo la nne lina spika ya Celestion A-Type, inayotoa takriban desibeli 98 kwa wati moja ukisimama mita moja mbele yake. Wati 15 zinaongeza karibu 12. Jumla ni 110, na ukuta wa nyumba ya kupanga hauzuii 110.

Ateniueta ni kisanduku kinachokaa kati ya amplifaya na spika na kupunguza nguvu inayofika kwenye spika. Nimeitumia amplifaya hii na ateniueta za aina mbili, ya rezista iliyoundwa kwa mkono na Torpedo Captor ya Two Notes. Hapa natoa maoni yangu kwa anayetaka kununua au kujiundia, na nitagusia pia aina ya tatu kwa mwenye uwezo zaidi.

Kwanza hakikisha unaihitaji kweli. Weka nobu ya Master kwenye 2 au 3, halafu pandisha ile ya Volume. Mkwaruzo unaousikia hapo unatoka kwenye 12AX7, na unaupata kwa sauti ya chini bila kununua chochote. Kama unakuridhisha, tunza hela yako. Mkwaruzo wa EL84 unapatikana kwa njia tofauti: Master mpaka mwisho, kisha Volume inapanda polepole. Mahali fulani kati ya 4 na 6, kutegemea pikapu za gitaa lako, noti zinanenepa na kuanza kufuata kidole. Ukigusa taratibu sauti inakuwa safi, ukikaza inakwaruza. Tabia hiyo ndiyo sababu pekee ya maana ya kutafuta ateniueta. Vile visanduku vya bei nafuu vyenye nobu moja, vinavyochomekwa kwenye tundu za efekti za nyuma, havihusiki hapa. Blues Junior haina tundu hizo, na hata amplifaya zilizo nazo hupunguziwa sauti kabla ya tyubu za nguvu, kwa hiyo tyubu zenyewe hazifanyi kazi unayoitaka.

Sasa hesabu, maana wanunuzi wengi huangukia hapa. Kupunguza desibeli 3 ni kubakiza nusu ya nguvu. Desibeli 6 hubakiza robo, 10 hubakiza sehemu moja ya kumi, 20 hubakiza sehemu moja ya mia. Sikio halihesabu hivyo: kwa wengi wetu sauti huonekana imepungua nusu ikishuka kama desibeli 10. Chukua ile 110 yetu. Ukiondoa 6 unabaki na 104, ambayo bado ni sauti ya mazoezi ya bendi. Ukiondoa 12 unafika 98. Ukiondoa 20 spika inapata wati 0.15 tu, na bado unapata karibu 90 kwa mita moja. Watu wanaoongea kawaida wako karibu 60. Kwa hiyo ukisoma tangazo la kisanduku chenye desibeli 20, jua kwamba kinafaa mchana, mlango ukiwa umefungwa. Usiku watoto wakiwa wamelala unahitaji 30 au zaidi.

Omu, yaani kipimo cha ukinzani, hazina mjadala. Spika ya Blues Junior ni ya omu 8, hivyo kisanduku kiwe cha omu 8 upande wa amplifaya na upande wa spika. Baadhi ya ateniueta, kama THD Hot Plate, zilitengenezwa kila moja kwa omu zake. Anayenunua mtumba aangalie hilo kabla ya kuulizia bei. Hatari kubwa kuliko zote ni amplifaya kukosa mzigo kabisa, yaani spika au kitu kingine cha kupokea nguvu yake. Plagi ikichomoka huku unapiga, nishati iliyomo kwenye transfoma ya kutoa, ile iliyo kati ya tyubu za nguvu na spika, haina pa kwenda. Volti za upande wa tyubu, ambazo hata siku ya kawaida ni zaidi ya 300, zinaruka juu sana, cheche zinapita kwenye soketi za EL84, na kihami cha transfoma kinaweza kutoboka. Kubadilisha transfoma hiyo ni gharama kubwa kuliko ateniueta nyingi.

Halafu kuna suala la aina ya mzigo, na hapa ndipo bei zinapoachana. Spika ya omu 8 si omu 8 kila mahali. Kwenye masafa yake ya asili, pale inapotikisika kwa urahisi zaidi, chini kabisa karibu na hezi 75, ukinzani unapanda mara kadhaa, na juu kwenye trebo unapanda tena kwa sababu ya koili. Amplifaya ya tyubu inaitikia mabadiliko hayo, ndiyo maana besi inavimba kidogo na trebo inang'aa. Rezista tupu ni omu 8 kuanzia chini mpaka juu. Ukiiweka katikati, amplifaya haioni tena ile milima miwili. Isitoshe, spika inajikuta imeunganishwa na rezista ndogo inayoibana isitikisike kwa uhuru, na kadiri unavyopunguza zaidi rezista hiyo inakuwa ndogo zaidi. Hiyo ndiyo sababu kisanduku cha rezista kinapendeza kwa desibeli 6, kinavumilika kwa 12, na kwa 20 kinatoa sauti iliyofunikwa blanketi. Visanduku vya mzigo unaoiga spika vina koili na kapasita ndani. Weber wao, kwenye Mass, wametumia mota halisi ya spika isiyo na karatasi.

Hata hivyo, kwa desibeli 6 mpaka 12 sioni sababu ya kununua. Hatua moja ya desibeli 6 inahitaji rezista mbili: ya omu 3.9 inayopita mfululizo kutoka amplifaya kwenda spika, na ya omu 8.2 inayokaa sambamba na spika. Piga hesabu: 8.2 sambamba na 8 ni takriban 4.05, ongeza 3.9, unapata 7.95. Amplifaya inaona omu 8 na spika inapata robo ya nguvu. Ukitaka desibeli 12, weka hatua ya pili iliyo sawa kabisa baada ya ya kwanza.

Tumia rezista zenye ganda la alumini, wati 50 kwa hatua ya kwanza na wati 25 kwa ya pili. Usidhani ni nyingi mno. Wati 15 za kwenye karatasi ni za sauti safi, na amplifaya iliyofunguliwa mpaka mwisho inaweza kukaribia mara mbili yake. Ile ya 3.9 ya kwanza peke yake inakula nusu ya yote. Zifunge kwa skrubu kwenye sanduku nene la alumini, na grisi ya kupitisha joto chini yake, kwa sababu bila bamba la kupoza uwezo wa rezista hizi unashuka chini ya nusu ya ulioandikwa. Waya wa ndani uwe wa nyuzi, milimita 1.5 za mraba.

Ukimaliza kulehemu, chomeka spika, kisha pima kwa mita kwenye plagi itakayoingia amplifaya. Usomaji wa kati ya 7 na 8 ni sawa. Mita ikionyesha 12 hivi kwa hatua moja, spika haijaunganishwa. Ikionyesha sifuri au isisome kabisa, usiwashe. Kuna faida moja hapa inayonifanya niuheshimu muundo huu: waya wa spika ukichomoka, amplifaya bado inaona omu 12, wala haibaki bila mzigo.

L-pedi, yaani nobu ya kuzungusha ya omu 8, inavutia kwa urahisi wake, ila kipande chake cha ndani hupata moto sehemu moja tu ukikiacha mahali pamoja, na huungulia hapo hapo. Kwa amplifaya ya wati 5 sawa. Kwa Blues Junior iliyofunguliwa sipendekezi chini ya L-pedi ya wati 100.

Torpedo Captor nimeichukua toleo la omu 8. Inabeba wati 100, mzigo wake unaiga spika, na ina tundu la spika lililopunguzwa desibeli 20. Mguso wa amplifaya unabaki vizuri sana. Master ikiwa mwisho, EL84 zinajibu kidole kama ziko kwenye spika yenyewe, na trebo haifi kama kwenye rezista tupu. Kasoro yake kwangu ni hiyo 20 isiyobadilika: hakuna 10, hakuna 30. Usiku natumia tundu lake la laini kuelekea kompyuta, na programu yenye faili linaloiga kabati la spika, halafu hedifoni. Kwa kazi hiyo inastahili bei yake. Kwa mtu asiyetaka kompyuta chumbani, ingenipa shida kuipendekeza.

Sauti ikishakuwa chini, kuna upungufu usiotokana na kisanduku. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Bell Labs walionyesha kuwa sikio hupoteza besi na trebo haraka kuliko sauti za kati kiwango kikishuka. Zaidi ya hapo, kwa wati 0.15 karatasi ya spika haisogei vya kutosha kuchangia mkwaruzo wake yenyewe. Panga toni upya kwa kiwango utakachopigia: Bass juu kidogo, Treble juu kidogo, Middle irudi nyuma. Ukipanga kwa sauti kubwa kisha ukashusha, utailaumu ateniueta bure.

Aina ya tatu inachukua nguvu yote kwenye mzigo, kisha inaikuza upya kwa amplifaya ya pili iliyo ndani. Fryette Power Station inatumia tyubu, na Boss Waza Tube Amp Expander ya mwaka 2019 inatumia transista. Hizi unazishusha mpaka kunong'ona na unarekebisha besi na trebo papo hapo, na ndizo ninazoziona sahihi kwa mwenye amplifaya ya wati 50 au 100. Kwa Blues Junior, naona bei yake inazidi thamani ya amplifaya yenyewe.

Kuunganisha: zima amplifaya kabisa, acha tyubu zipoe, chomoa plagi ya spika chini ya chasisi. Waya huo ni mfupi, hivyo tafuta wa kuunganishia wenye tundu la kike. Tumia waya wa spika, kamwe usitumie waya wa gitaa. Kiini cha waya wa gitaa ni chembamba, hupata moto, na kikikatika amplifaya inabaki bila mzigo. Sanduku lisikae ndani ya kabati ya amplifaya wala juu ya zulia. Liache mahali penye hewa, na baada ya nusu saa liguse. Joto ni kawaida, lakini kama huwezi kuacha kiganja juu yake, rezista ni ndogo au hazijakazwa.

Anayeagiza Blues Junior ya mtumba kutoka Marekani akumbuke ni ya volti 120. Kwa umeme wetu wa 230 au 240 inahitaji transfoma ya kushusha, na iwe ya wati 200 kwenda juu.

Ateniueta hailindi tyubu. EL84 zinafanya kazi ile ile ya Master mwisho hata kama jirani hasikii kitu. Zima taa ya chumba mara moja moja uchungulie nyuma: rangi ya chungwa katikati ni sawa, lakini bamba la kijivu likianza kuwa jekundu, zima hapo hapo na ubadilishe zote mbili kwa jozi iliyolinganishwa. Na ukisikia mtetemo wa kama kijiko ndani ya glasi kwenye noti fulani, mara nyingi ni EL84 zenyewe. Zinaning'inia kichwa chini juu ya spika, na sauti ikipungua kwa desibeli 12 mtetemo huo nao hupungua sana.