Umepata kadi ya kuzamia, sasa unakwenda machimboni: ununue nini kwanza?

Kadi yangu ya kupiga mbizi niliipata Nungwi, kaskazini ya Unguja, ndani ya maji ya nyuzi 28, nikiwa na suti ya milimita 3 ya kuazima. Miezi minane baadaye nilikuwa nimesimama ukingoni mwa Stoney Cove, machimbo ya zamani yaliyojaa maji huko Leicestershire, Uingereza, mwezi wa Aprili, maji yakiwa nyuzi 7. Dakika ya kumi na moja vidole havikunisikia tena. Tulipotoka nilijaribu kufungua kibano cha pezi la mguuni nikashindwa, ikabidi mwenzangu anifungulie kama mtoto anayevuliwa viatu.

Kwetu shimo la machimbo lililojaa maji ni mahali mama anakukataza kusogelea, na ana haki. Huku Uingereza baadhi ya mashimo hayo yamewekewa uzio, ngazi, sehemu ya kujazia mitungi ya hewa na mgahawa, na watu hulipa kiingilio ili wazame. Stoney Cove yalikuwa machimbo ya matale. Kazi iliposimama mwaka 1958, maji yakalijaza shimo. Chini yake kuna ngazi tatu kubwa za mwamba: ya kwanza kama mita 6, ambako utakuta chumba cha rubani cha ndege ya zamani, ya pili kama mita 20, na ya mwisho inayopita mita 30. Kwenye ile ya kati imelala Stanegarth, tagi ya mvuke (meli ndogo ya kukokota meli nyingine) iliyozamishwa mwaka 2000 kwa ajili ya wazamiaji. Kadi ya kwanza inakuruhusu mita 18 tu, kwa hiyo mwanzoni utaipungia mkono kutoka juu.

Vifaa vya kuzamia hukodishwa, na mwaka wa kwanza huhitaji kumiliki kila kitu. Duka nililoingia mimi lilinianzishia kwenye regulata, kifaa kinachokuletea mdomoni hewa ya mtungi, na jaketi la kuelea, vitu vyenye bei. Mimi ninapanga kinyume: kwanza ununue kile ambacho kikikosea kitakutoa majini mapema.

1. Suti, kofia na glavu

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Ya machimbo unayavalia nguo, tena nzito. Maji hunyang'anya mwili joto kwa kasi zaidi ya mara ishirini kuliko hewa. Na suti ya mpira ina hila yake: joto lake linatokana na viputo vya gesi vilivyomo ndani ya neoprini, huo mpira wa suti, na viputo hivyo hubanwa kadiri unavyoshuka. Ukifika mita 18 vimebaki kama theluthi moja ya ukubwa wake. Yaani suti inakonda palepale ambapo maji yamezidi kuwa baridi, maana hata Julai, juu kukiwa na nyuzi 18 za kupendeza, ukishuka mita kadhaa unapita mpaka wa baridi kama umefungua mlango wa friji.

Uamuzi wangu ni huu. Kama utazama kuanzia Mei hadi Oktoba tu, nunua suti nzito ya milimita 7, ile yenye zipu ngumu na kingo za kubana mikononi, miguuni na shingoni, ambayo huingiza maji kidogo sana. Andaa pauni 200 hadi 350. Kama unajijua kwamba Januari utakuwa majini, usiinunue hiyo. Kodi, weka akiba, uende moja kwa moja kwenye suti kavu, ile isiyoingiza maji kabisa, ambayo huanzia kama pauni 600 na kupanda kupita elfu moja. Suti kavu inataka mafunzo yake, kwa sababu hewa iliyomo ndani ikikimbilia miguuni inaweza kukupandisha juu kichwa chini miguu juu. Ya mtumba si mbaya, lakini vuta kwa vidole mpira wa shingoni na mikononi uone kama unanata au una nyufa, kisha fungua na ufunge zipu yote. Mpira hubadilishwa kwa gharama ya kuvumilika. Zipu ndiyo inayoliza watu.

Suti ya milimita 5 “ya kuanzia” ni kulipa mara mbili. Yangu inaning'inia kabatini mpaka leo.

Glavu ziwe milimita 5, na ujaribu kufungua vibano vyako ukiwa umezivaa hapohapo dukani. Muuzaji atakuangalia vibaya kidogo. Mwache.

Neno moja kuhusu risasi za mkandani, vile vipande vizito vya kukusaidia kuzama. Maji baridi ya machimbo hayana chumvi, na yanainua mwili kwa nguvu ndogo kuliko bahari: mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 anahitaji takriban kilo 2.5 pungufu ya alizotumia Unguja. Lakini suti nene inaelea kuliko ile nyembamba, na inarudisha zile kilo na kuzidisha. Hesabu ya Nungwi isahau. Fanya jaribio upya kwenye kina kifupi.

2. Miwani ya kuzamia

Hapa bei haina maana, umbo la uso ndilo lenye maana. Iweke usoni bila kuivuta mikanda, vuta pumzi kwa pua, uachie mkono. Ikishika bila kuingiza hewa, ni yako, hata kama ni ya pauni 40 na ile ya jirani ni ya 90. Kisha rudia jaribio ukiwa umevaa kofia ya neoprini, kwani mdomo wa kofia ukiingia chini ya mpira wa miwani maji yatakuwa yanakutembelea safari nzima. Mpya ina utando wa kiwandani kwenye kioo. Isugue kwa dawa ya meno mara mbili tatu, la sivyo itafunga ukungu.

3. Kompyuta ya kuzamia

Hii huvaliwa mkononi na kukuhesabia kina na muda unaoweza kukaa chini kwa usalama. Usizame ukitegemea ya mwenzako. Hajapita pale pale ulipopita wewe, na kompyuta yake haiujui mwili wako. Kwa machimbo ninaangalia mambo mawili: kioo kinachosomeka gizani, na betri unayoweza kuibadilisha mwenyewe au kuichaji.

Kwa bajeti ndogo, Cressi Leonardo inatosha: kitufe kimoja, tarakimu kubwa, betri ya kubadilisha mwenyewe. Suunto Zoop Novo iko daraja hilohilo. Ukiwa na fedha zaidi, Shearwater Peregrine ndiyo ninayoipenda, kwa sababu kioo chake cha rangi kinaonekana hata maji yakiwa ya kijani kama supu ya mchicha baada ya darasa la wanafunzi kutimua matope. Je, inakufanya mzamiaji bora? Hapana. Inapunguza kukodoa macho tu. Zile zinazosoma hewa iliyobaki mtungini bila bomba zisubiri.

4. Regulata

Hapa ndipo baridi inapouma kweli. Hewa ya mtungini ikitoka kwenye shinikizo kubwa kwenda dogo hupoa ghafla, na katika maji ya nyuzi 4 au 5 barafu inaweza kujitengeneza ndani ya regulata. Ikishika, hewa inamwagika mfululizo na mtungi unaisha kwa dakika chache. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza rangi, tafuta alama ya kipimo cha Ulaya, EN 250. Ukiona imeandikwa “>10°C” pembeni yake, hiyo si ya maji ya chini ya nyuzi 10. Irudishe rafuni.

Ninazozipa nafasi ya kwanza ni zenye diaframu (kiwambo cha mpira) iliyozibwa ili maji yasiguse spring'i ya ndani. Apeks, ambao wako Blackburn, Lancashire, wamejijengea jina kwenye maji ya baridi, na mafundi wanaozijua hawakosekani. Andaa pauni 300 hadi 500, na gharama za huduma kila mwaka au kila miaka miwili kufuatana na mtengenezaji. Ya mtumba ninunue? Ndiyo, iwapo ina karatasi za huduma na vipuri bado vinauzwa. Bila karatasi, toa gharama ya huduma kwenye bei kabla hujatoa mkono wa heri. Na hata iliyo bora usiivutie hewa nje ya maji siku ya barafu, wala usibonyeze kitufe cha kumwaga hewa kwa kuichezea.

5. Viatu na mapezi

Pezi la kisigino wazi, na kiatu cha neoprini ndani yake. Mkanda uwe wa spring'i badala ya kibano, na sababu umeshaisoma juu. Pezi refu laini la kuogelea na samaki wa matumbawe linatimua tope. Fupi na gumu kiasi ndilo linalofaa machimboni.

6. Jaketi la kuelea

Kodi. Baada ya safari kumi na tano utajua kama unataka jaketi la kawaida au bawa, yaani mfuko wa hewa unaokaa mgongoni tu, na uamuzi utakuwa wako.

7. Mtungi

Wa mwisho kabisa. Uingereza unatakiwa kukaguliwa ndani kila miaka miwili na nusu na kupimwa shinikizo kila miaka mitano, na hakuna anayekujazia ukiwa umepitwa na tarehe. Ukiuona wa bei ya kutupwa mtandaoni, mwombe muuzaji picha ya maandishi yaliyogongwa begani mwa mtungi. Akikutumia picha ya mtungi mzima, mwombe tena.