Boksi la risasi za shotigani boa 12: ununue lipi kwa kanga, kwale, sungura na nguruwe pori

Kamwene wakuu. Shotigani nyingi ninazoziona huku kwetu kuanzia Mafinga mpaka Chunya ni zile za mitutu miwili za kurithi, mzee alinunua zamani, mtoto akahamishiwa umiliki, halafu siku ya kununua risasi anaingia dukani anasema naomba boksi la boa 12 (boa ni kipimo cha upana wa mtutu), basi, anapewa lolote lililopo. Mi naomba kabla hujauliza risasi ipi kali uangalie kwanza bunduki yako inataka nini.

Chomoa mitutu kwenye kitako, igeuze, chini pale kwenye chemba, yaani sehemu ya mtutu risasi inapokaa, utakuta mihuri. Za Uingereza za zamani nyingi zimepigwa 2½, yaani inchi mbili na nusu, ambayo ni milimita 65. Nyingine ni 2¾ ambayo ni 70, na za siku hizi utakuta mpaka inchi 3 ambayo ni 76. Sasa sikiliza hapa maana ndipo wengi tunapoumia: urefu unaoandikwa kwenye risasi ni wa ganda likishapigwa na mdomo wake ukafunguka, sio urefu wa hiyo unayoishika mkononi. Ndo maana risasi ya 70 inaingia vizuri tu kwenye chemba ya 65, bunduki inafunga, unaona mambo safi, ila ukifyatua mdomo wa ganda unafungukia pale chemba inapoanza kubana kwenda kwenye mtutu, goroli, zile punje za ndani ya risasi, zinakosa njia na presha inapanda. Risasi fupi kwenye chemba ndefu sawa, ndefu kwenye fupi hapana.

Bunduki ya mzee wangu ni ya 65. Muuzaji mmoja aliniambia za boa 12 zote ni sawa, nikapiga za 70 karibu boksi zima, bega linauma siku mbili nikadhani ndo nguvu yenyewe, mpaka fundi alipoishika akanionyesha mitutu imeanza kucheza kwenye bawaba. Iliniuma sana, ile bunduki imetulisha nyama tangu tuko shule ya msingi.

Haya, saizi ya goroli. Usiende na namba peke yake kwa sababu namba za Uingereza na za Marekani hazifanani, No. 6 ya Marekani ni milimita 2.8, na hiyo kwa Mwingereza ni No. 5. We sema milimita, kwenye boksi mara nyingi zimeandikwa.

Mwenye hela ya boksi moja tu achukue 2.8, uzito gramu 28 mpaka 30. Hii kwangu ndo ya kwanza na sioni ya kuishinda kwa mazingira yetu. Ndani ya gramu 28 unapata goroli kama 220, zinatosha kumfunika kwale na kila moja bado ina uzito wa kupenya manyoya ya kanga, na kanga mkubwa wa kiangazi ana manyoya magumu kweli. Piga ndani ya mita 30, ukizidi 35 unajeruhi tu ndege anaenda kufia porini.

Ya pili ni 2.6, yaani No. 6 ya Mwingereza, goroli kama 270 kwa uzito ule ule, tamu sana kwa kwale na njiwa lakini kwa kanga wa mbali inakosa nguvu. Ya tatu 3.1, hiyo mpe sungura na kanga waliokwisha kuwa wajanja wanaondokea mbali.

Nguruwe pori ni habari nyingine. Hapo mi naweka slagi, ile yenye kipande kimoja kizito badala ya goroli nyingi, mbele ya SSG. SSG ni goroli kubwa za milimita 6.8 zinazotawanyika, zaidi ya mita 25 unampiga nguruwe mbili tatu tumboni, anakimbia na maumivu, na aliyejeruhiwa kwenye mahindi usiku ni hatari kwa jirani yako atakayepita asubuhi. Slagi itie kwenye mtutu ambao mdomo wake haujabana sana, mara nyingi ni wa kulia, na ujue inaenda mbali, nyuma ya mnyama pawe na udongo. Ya mwisho kabisa BB, ile ya goroli za kati ya 3.1 na SSG, watu wanaipenda, mi siipendi, kwa ndege goroli ni chache na kwa nguruwe ni nyepesi.

Goroli za chuma kwenye mitutu ya zamani usiweke. Na kama mitutu ina michoro ya kujizungusha kama mistari ya mti, hiyo ni ya Damasko, nyingi zilipimwa kwa baruti nyeusi ya moshi, risasi za dukani za leo ziache, itundike ukutani. Hapo hapo niwajibu wanaotaka kujaza maganda wenyewe nyumbani: baruti ya gobole na baruti isiyo na moshi sio ndugu, ukijaza ya pili kwa kipimo cha ya kwanza mtutu unapasuka usoni. Acha kabisa.

Risasi za boa 20 zina ganda la njano kwa makusudi. Ikichanganyika mfukoni na ukaitia kwenye boa 12 inateleza ndani ya mtutu inakwama, unadhani hujajaza, unaweka nyingine nyuma yake. Msichanganye mifuko.

Karatasi mnazijua, Sheria ya Silaha na Risasi ya 2015, na leseni ya umiliki haikupi ruhusa ya kuwinda, hiyo ni leseni nyingine.

Kwa walio Tukuyu na Mufindi kwenye mvua na ukungu, chukua maganda ya plastiki, ya karatasi yanavimba hayaingii chemba. Kitako cha shaba cha risasi kikiota kijani usipige.

Na jikoni mwambie mama watoto, goroli ni madini ya risasi, sumu hasa kwa watoto. Ukimpasua kanga tafuta pale manyoya yalipoingia ndani ya nyama, yalivutwa na goroli, fuata hapo hapo utaikuta, kata na nyama inayoizunguka utupe.