Kijiti cha kupima bangi: kinachoona na kisichoona

Kile kijiti cha kupima bangi kwenye mkojo, kinachouzwa katika kemisti za Nairobi ndani ya pakiti ya foili, hufanya kazi vizuri usipokidai zaidi ya uwezo wake.

Fungua foili wakati wa kupima tu, maana unyevu hukiharibu. Kichovye wima sekunde 10 hadi 15, mkojo usivuke alama ya MAX, kisha kilaze pakavu. Soma dakika ya 5. Zikipita 10, kitupe. Wengi huvurugikiwa hapa kwa sababu wamezoea kipimo cha mimba: hiki husomwa kinyume. Mistari miwili, hata ule wa T (mstari wa kipimo) ukiwa umefifia kama penseli iliyofutwa, maana yake bangi haikuonekana. T ikikosekana, imeonekana. C (mstari wa kuhakikisha kijiti kimefanya kazi) isipotokea, hakuna jibu. Mkojo uliotoka sasa hivi huwa na nyuzi 32 hadi 38; kikombe kikiwa baridi, uliza maswali.

Kasoro kubwa ni hii: kijiti hutafuta tu mabaki ya THC, kemikali ya bangi inayolevya, kwa kawaida kuanzia nanogramu 50 kwa mililita. Bangi ya maabara, K2 au Spice, hakiioni. JWH-018, kwa mfano, mojawapo ya kemikali zake, hukamata kipokezi kilekile cha ubongo, tena kwa nguvu kuliko THC, lakini umbo lake ni tofauti. Mzazi wa Umoja anayeona mwanawe anatapika na moyo unamwenda mbio asitulizwe na mistari miwili. Ampeleke hospitali.

Kuna vijiti vya K2 pia. Vingi hutafuta mabaki ya JWH-018 na JWH-073, ambazo Marekani ilizipiga marufuku Machi 2011. Watengenezaji walihamia molekuli nyingine. Umoja wa Mataifa ulipoiweka JWH-018 chini ya udhibiti mwaka 2015, soko lilikuwa limeshasonga mbele. Uingereza ikachoka kufukuza majina na mwaka 2016 ikatunga sheria inayoangalia athari kwa ubongo. Kijiti hakina ujanja huo, kwa hiyo pesa hizo ni afadhali uziweke.

Mwajiri anayehitaji jibu la kweli aende maabara yenye mashine ya kupima uzito wa molekuli, na kabla ya kulipa aombe orodha ya kemikali inazotafuta. Wakimjibu tu "tunapima K2", atafute maabara nyingine.