Mvinyo na kazi za mikono Dodoma: onja kwanza ndipo utoe hela

Kama umesikia kuhusu zile sherehe za vijijini Dodoma, wakulima wa zabibu wanakuja na mvinyo waliotengeneza wenyewe na mafundi wanakuja na vibuyu, vyungu na zeze, na bado unajiuliza kama inafaa kufunga safari, mimi nasema nenda. Ila wahi asubuhi, vaa kofia, na usinunue chupa kwa mtu asiyetaka kukuonjesha. Mimi nilikwenda upande wa Hombolo mwezi wa tisa.

Kiingilio hakuna. Mahema ya kukodi yamepangwa safu mbili kwenye vumbi, mvinyo huku, kazi za mikono kule, na mapishi nyuma kabisa chini ya mibuyu. Akina mama wa Kigogo walikuwa wameshazibana ngoma za muheme katikati ya mapaja na kuanza kuzipiga. Ukipita ukasema "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, hata kwa lafudhi ya Dar kama yangu, watu wanacheka na unasogezewa kiti.

Tuje kwenye mvinyo, maana ndio uliowaleta wengi. Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, halafu tena Agosti hadi Septemba. Kwa hiyo ukifika mwezi wa tisa, zabibu mpya ndiyo kwanza zinakamuliwa, na kinachomiminwa mezani kinatakiwa kiwe cha mwanzoni mwa mwaka au cha mwaka uliopita. Basi kila meza nilikuwa nauliza kitu kimoja tu: hii ni ya mavuno gani?

Dada mmoja alinijibu papo hapo. Makutupora nyekundu, aina ya zabibu ya huku Dodoma, ya Machi, shamba la baba yake. Akaeleza kwamba baada ya kuchacha waliuhamisha kutoka pipa moja kwenda lingine zaidi ya mara moja, machicha yakabaki chini, na mapipa yalikaa ndani ya nyumba ya udongo kwa sababu joto la bati lingeuharibu. Akamimina kidogo kwenye glasi, akainyanyua kwenye mwanga nione ulivyo safi. Mkavu, yaani hauna utamu wa sukari, una uchachu wa wastani, unaacha ukakasi kidogo kwenye fizi. Shilingi 15,000. Nilinunua bila kuomba punguzo, na mimi ni mtu wa kuomba punguzo.

Meza ya pili yake kijana alinijibu, "Hii ni spesho, bosi." Mavuno gani? "Spesho." Chupa zote zimefungwa, hakuna kuonja, na meza yenyewe iko nje ya kivuli, jua la saa saba linazipiga chupa moja kwa moja. Nilipita. Rafiki yangu akanunua, tena ule mtamu, kwa sababu chupa ilikuwa na utepe mzuri. Usiku tukiwa nyumba ya wageni kizibo kiliruka chenyewe na povu likamwagika hadi kwenye shuka. Kinachotokea ni kwamba mtengenezaji ameacha sukari nyingi ili mvinyo uwe mtamu, lakini hamira haijafa wala haijachujwa. Ukishaingia kwenye chupa na kupata joto, unaanza kuchacha upya na gesi haina pa kutokea. Wateja wengi wanapenda tamu, kwa hiyo watengenezaji wadogo wanalazimika kutengeneza tamu, na ndiyo ngumu zaidi kutengeneza bila vifaa. Ukinunua kwa mtengenezaji mdogo, mkavu una hatari ndogo zaidi.

Angalia pia chupa zenyewe. Meza kadhaa walikuwa wanatumia chupa zilizokwisha kutumika, zimeoshwa na kubandikwa lebo mpya, na alama ya TBS, shirika la viwango, nyingine zilikuwa nayo, nyingine hazina. Wa kunywa palepale baada ya kuonja sikuona tatizo. Wa kumpelekea mkwe, tafuta yenye alama.

Mzee mmoja, mkulima, alinikaribisha kwenye benchi lake nikapata darasa la bure. Zabibu za mvinyo zikishaiva hazina subira. Kiwanda kisipokuja kununua ndani ya siku chache, zinaoza shambani na mkulima anaangalia. Ndiyo maana wengi sasa wanakamua wenyewe na kuhifadhi kama mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi ambao bado haujamaliziwa. Mchuzi ukitunzwa vizuri unamsubiri mnunuzi, na mkulima anakaa mezani kujadili bei akiwa hana presha. Yeye mchuzi mwingi anauzia kiwanda, pipa moja au mawili anabaki nayo, anamalizia mwenyewe, na ndiyo aliyokuja nayo. Mvinyo wake mweupe wa zabibu za Chenin Blanc alikuwa ameutumbukiza kwenye ndoo ya barafu, mtu pekee uwanja mzima aliyefikiria hilo! Nilikunywa na samaki wa kukaanga wa bwawa la Hombolo na sina maneno.

Safu ya mafundi ndiko nilikopotelea. Kulikuwa na fundi wa zeze na marimba, zile za vyuma zinazopigwa kwa vidole gumba, na hapa ndiko nyumbani kwa vyombo hivyo. Hukwe Zawose, aliyevipeleka hadi kwenye majukwaa ya Ulaya kabla hajafariki mwaka 2003, alikuwa Mgogo wa huku. Fundi alinipa marimba niishike. Vyuma vimefuliwa kutoka kwenye misumari, na kwenye ubao kuna tundu dogo lililozibwa kwa utando wa buibui, mweupe kama karatasi ya sigara. Ukigusa chuma, utando unatetemeka na sauti inapata ule mkwaruzo wa kuvuma. Akautoboa kwa ncha ya kijiti kwa makusudi, akapiga tena, sauti ikawa kavu. Akachomoa utando mwingine kutoka kwenye kijikopo, akaubandika kwa mate. Marimba ndogo aliniuzia 40,000 na nadhani nilimpunja.

Tatizo ni kwamba hata pale mezani tulikuwa tunasikilizana kwa kupiga kelele. Waandaaji waliweka spika mbili kubwa mkabala na mafundi, na bongofleva ikaunguruma tangu saa nne hadi mgeni rasmi alipofika saa tisa, akahutubia, ikaendelea. Umewaalika watu wa zeze halafu unawafunika na spika! Vyoo pia vilikuwa viwili kwa umati wote, na maji yaliisha mapema.

Mvinyo nawapa saba kwa kumi, mafundi tisa, spika sifuri.

Beba pesa taslimu, mtandao ulikuwa unakatika na lipa namba zikawa mapambo. Kurudi mjini, daladala za jioni zinajaa haraka, kwa hiyo ondoka kabla ya saa kumi na moja au elewana na mwenye bajaji tangu asubuhi. Chupa funga kwenye kanga kisha zitie kwenye kikapu cha ukindu, vinauzwa palepale kwa 8,000. Barabara ina mashimo.