Jaketi la mvua lisilo na PFAS: kitambaa nakisifu, tepu imenivunja moyo

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, mwaka wa 19 sasa. Nashona madera, sare za shule na mapazia, na masika yakiingia naletewa majaketi yanayovuja. Kwa hiyo hili nalisema kama mnunuzi na kama fundi.

Mwezi wa tatu nilimnunulia mwanangu jaketi la mvua kwa shilingi 7,500. Anaendesha bodaboda, wateja wake wengi ni wa Kisauni na Bombolulu, na Mei ikifika mvua ya Mombasa haimsubiri mtu amalize kazi. Makoti ya plastiki yamemchosha. Kwa joto letu hili unaloa jasho ndani kabla mvua haijakupata, na kwapani linachanika mwezi haujaisha. Nikasema safari hii nimnunulie la maana. Duka silitaji, wala kampuni.

Lebo yake iliandika kwamba dawa ya kufukuza maji iliyopakwa kitambaani haina PFAS, zile kemikali zinazoitwa za milele kwa sababu haziozi, zinabaki kwenye maji na udongo. Hilo ndilo lililonifanya nitoe pesa. Mojawapo, PFOA, iliingizwa mwaka 2019 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa mataifa wa kuzuia kemikali sumu zisizooza. California imezizuia kwenye nguo nyingi kuanzia 2025 na Ufaransa ikafuata 2026. Sisi tunakula samaki kila siku, maji yote ya mitaro yetu yanaishia baharini. Sitaki nguo ya mwanangu iache sumu mle.

Na kitambaa, jamani, ni kizuri. Siku ya kwanza nilikimwagia kikombe cha maji, matone yakaviringika yakaanguka kama juu ya jani la jimbi. Ni chepesi, kinapumua, hakipigi kelele kama karatasi. Kinachokisumbua ni mafuta: dawa hizi mpya zinafukuza maji lakini mafuta zinayapokea, kwa hiyo kola imeshika mafuta ya nywele na pale maji yanalala badala ya kuviringika. Nikilifua kwa sabuni kidogo ya maji, nikalisuuza sana bila dawa ya kulainisha nguo, kisha nikalipitishia pasi ya uvuguvugu, linarudi. Hilo sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni mishono. Wiki ya tatu ya mvua mwanangu alirudi usiku, fulana imeloa mabega yote mawili, mstari umenyooka kana kwamba umechorwa kwa rula. Kifuani pakavu, mgongoni pakavu. Nikajua hapo hapo kwamba kitambaa hakina kosa.

Nikaligeuza ndani nje chini ya taa ya cherehani. Kila mshono wa jaketi la namna hii hufunikwa kwa tepu, maana sindano ikishapita imeacha tundu. Hili lina matundu 3 kwa kila sentimita, na mshono wa bega una sentimita 16 zenye mistari miwili. Hesabu mwenyewe: ni karibu matundu 100 kwa bega moja, na kinachozuia maji hapo ni tepu ya upana wa sentimita 2 peke yake. Nikaishika ncha karibu na shingo kwa kucha. Ikaja yote, bila kuvutana, kama ngozi ya kitunguu.

Hapo ndipo nilipokaa nayo. Majaketi ya mitumba ya Kongowea pia hubanduka tepu, lakini yale ni uzee: gundi imekuwa njano, inanata vidoleni, nusu imebaki kwenye kitambaa na nusu kwenye tepu. Joto na unyevu wa pwani huila poliyurethani, plastiki inayotengenezea gundi hizi, polepole, miaka kadhaa. Hili jaketi halikuwa na miezi mitatu. Gundi yote ilitoka na tepu, nzima, inang'aa, na kitambaa chini yake kilikuwa safi kama hakijawahi kuguswa. Gundi haikuchoka. Haikushika tangu mwanzo.

Nikadondosha tone moja la maji upande wa ndani, pale tepu ilipokuwa. Likasimama duara kama shanga. Maana yake dawa ya kufukuza maji imepenya hadi upande wa ndani. Tepu hizi hubandikwa kwa hewa moto na roli: gundi inayeyuka, inatambaa kwenye nyuzi, ikipoa inaganda humo. Sasa pakiwa na nta au silikoni, ambazo ndizo mara nyingi hutengeneza dawa hizi zisizo na PFAS, gundi haina pa kutambaa. Kinachokataa maji kinakataa gundi nayo.

Nikalirudisha dukani. Kijana wa pale ana adabu, lakini akaniambia, "Mama, hii ni joto la pikipiki, limeyeyusha gundi." Nikamjibu, "Mwanangu, bega haliko karibu na injini." Nikamwomba maji, nikamwonyesha tone kwenye jaketi letu, kisha kwenye jingine jipya lililotundikwa. Yote mawili yalisimamisha shanga. Akampigia simu tajiri wake, nikarudishiwa shilingi 2,000 na jaketi nikabaki nalo. Nilitaka kubadilishiwa, lakini kwa jingine la aina ile ile ningebadilisha nini?

Basi nikalitengeneza mwenyewe. Tepu niliitafuta Biashara Street nikaikosa, ikaja na basi kutoka Nairobi. Nilibandua ya zamani yote, nikasugua mishono kwa pamba na spiriti mara tatu, nikaacha ikauke, nikajaribu tena kwa tone. Mabegani tone lililala, nikafurahi. Nikaweka tepu mpya, kitambaa cha pamba juu yake, pasi ya joto la chini, nikibonyeza hatua kwa hatua bila kuburuza. Kila kipande nilikipoza chini ya pasi ya mkaa ya marehemu mama, ikiwa baridi, kwa uzito wake tu. Kwapani, mishono minne inapokutana, spiriti haikufua dafu na tone liliendelea kusimama. Tepu niliibandika hivyo hivyo, nikazungushia gundi ya maji kwa brashi ndogo.

Watengenezaji, dawa hii msiiache, nawaomba. Msirudi kwenye PFAS kwa sababu ya tepu. Lakini tafuteni gundi inayokubaliana nayo, au zuieni dawa isipenye ndani kwenye mishono, na kabla ya kulituma jaketi sokoni lifueni mara kumi kisha mvute tepu. Na andikeni kwenye lebo kama ni nta au silikoni, maana fundi anayetengeneza anahitaji kujua: gundi ya poliyurethani juu ya silikoni ni kazi bure.

Wewe unayenunua, usiridhike kwamba tepu imenyooka, kama nilivyoridhika mimi. Geuza ndani, tafuta ncha ya tepu kwenye kofia na kwapani, ikwaruze kwa kucha. Ikiinuka hata kidogo, lirudishe kwenye hanga.

Kitambaa nakipa nyota tano. Jaketi lilivyouzwa, mbili.

Juzi mvua ilimkuta juu ya daraja la Nyali na abiria. Aliporudi nilimvua jaketi mlangoni na kumpapasa. Mabega makavu kabisa. Kwapa la kushoto lilikuwa na unyevu wa ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, na ncha ya tepu pale imeanza kuinuka tena.