mpmath kwa minyororo isiyo ya Hermiti: polepole, lakini haikudanganyi

Kwa yeyote anayekokotoa mienendo ya mifumo ya kwanta iliyopangwa kwenye mstari mmoja na isiyo ya Hermiti (yaani ile inayobadilishana nishati au chembe na nje), mpmath inastahili kuwa ya kwanza kufunguliwa. Ni maktaba ya Python iliyoanzishwa na Fredrik Johansson mwaka 2007, haina malipo, na kazi yake ni kukokotoa kwa tarakimu nyingi kadiri unavyotaka.

Mimi huipima kwa mnyororo wa wanafizikia Hatano na Nelson, wa mwaka 1996: safu ya nafasi ambazo chembe huruka kutoka moja hadi jirani yake. Chembe inaruka kulia kwa nguvu 1, kushoto kwa 0.5. Ncha zikiwa wazi, hesabu ya kalamu inatoa thamani za aigeni (nishati za mfumo) ambazo zote ni namba halisi, kati ya -1.414 na 1.414. Mnyororo huohuo wenye nafasi 200, ukikokotolewa kwa tarakimu 16 za kawaida, hutoa namba changamano (zenye sehemu halisi na sehemu ya kufikirika) zilizojipanga kama yai. Matriksi ya aina hii hukuza kosa dogo la kukadiria takriban mara mbili kwa kila nafasi mbili. Kwa nafasi 200, ukuzaji unafika 10 kwa kipeo cha 30. Tarakimu 16 zitafua dafu wapi?

Anayechora spektra (thamani hizo zote) tu ataona yai na kushtuka. Hatari kubwa iko kwenye mienendo. Weka chembe katikati, iachie: wimbi linakua likielekea kulia, lakini ukuaji huo una kikomo, kwa kuwa ukingo upo na thamani zote ni halisi. Baadhi ya thamani za uongo zina sehemu ya kufikirika iliyo chanya, basi ukizitumia wimbi linakua milele. Mwanzoni majibu yote mawili yanafanana, na hapo ndipo mtu anaponaswa.

Nikiandika mp.dps = 60, yaani mpmath itumie tarakimu 60, yai linatoweka na namba halisi zinarudi mahali pake. Ninachokipenda zaidi ni kwamba eig, amri ya kutafuta thamani za aigeni na vekta zake, ukiiwekea left=True, inakupa vekta za kushoto pamoja na zile za kulia. Bila Hermiti, vekta za kulia pekee hazikutani kwa pembe mraba zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo huwezi kugawanya hali ya mwanzo kwa usahihi bila zile za kushoto.

Isipoguswa, maktaba hutumia tarakimu 15 tu. Ongeza kabla ya kuunda matriksi. Na andika mpf('0.7') kwa alama za nukuu, la sivyo kosa la desimali linaingia tangu mwanzo.

Kasi ndiyo inayoniudhi. Imeandikwa kwa Python tupu, na gmpy2, maktaba ya nyongeza ya kuharakisha hesabu, husaidia kiasi tu. Kwa matriksi kubwa zaidi hamia Arb, maktaba nyingine ya Johansson huyohuyo ambayo sasa imo ndani ya maktaba ya hesabu FLINT: ni ya haraka na inakupa mipaka ya kosa kwa kila jibu. Kwa chembe nyingi zinazosukumana, ambako ukubwa huongezeka maradufu kwa kila nafasi, sikushauri mpmath kabisa. Kwa chembe moja au fermioni huru (chembe kama elektroni, zisizosukumana), nyota nne kati ya tano.