Sofa za kizamani Kampala: nunua mbao, kitambaa utabadilisha

Ukipita Nsambya, sofa mpya zimepangwa kando ya barabara, nailoni bado haijavuliwa. Kile kiti cha mikono cha enzi za wazee kilichowekwa pembeni kinaonekana mgonjwa. Chukua huyo mgonjwa, ilimradi mifupa yake ni mvule au mahogani. Sofa nyingi za bei rahisi zina fremu ya kalitunsi (mkaratusi) mbichi: mbao ikikaukia sebuleni husinyaa, misumari hulegea, na kila anayekaa sofa inalia. Za zamani nzuri ziliungwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja huingia kwenye tundu la mwingine, na mbao zake zilimaliza kusinyaa kitambo.

Inua mguu mmoja wa mbele. Ukifika sentimita 15 hivi, mwenzake uwe umeshaacha sakafu. Ukiwa bado uko chini, fremu imejipinda au kiungo kimeachia. Kisha ipindue, ufungue kidogo kitambaa cha chini, umulike tochi. Springi ziwe wima, kila moja imefungwa kamba. Kamba huoza kabla ya springi, ndiyo maana kiti huzama upande mmoja. Fundi akifunga upya, springi zilezile zinaendelea na kazi. Vitundu vya milimita 1 au 2 ni vya dumuzi, wadudu wanaotoboa mbao. Gonga mbao: ukimwagika unga mpya mweupe, bado wamo, achana nayo. Kwenye mishono tafuta vidoa vyeusi vya kunguni. Na vile vitambaa vya kufuma vya mgongoni, viondoe kwanza. Muuzaji havitandiki bure.

Sofa ya watu watatu hula mita 10 hadi 12 za kitambaa chenye upana wa mita 1.4, kiti kimoja, mita 4 hadi 5. Cha maua makubwa au mistari, ongeza, maana lazima michoro ikutane. Sponji ya kukalia iwe ngumu, unene sentimita 10. Ibonyeze kwa kidole gumba, irudi papo hapo. Kuwa karibu fundi anapofungua, kwa sababu wapo wanaobandika sponji mpya juu ya makumbi yaliyooza, na harufu hutoka baada ya mvua chache.

Kasoro kubwa ya sofa hizi za zamani ni ukubwa. Zilitengenezewa sebule pana, si fleti ya Ntinda ghorofa ya tatu. Kabla ya kulipa, pima kimo na kina chake, upana wa mlango, na hasa kona ya ngazi: mikono iliyoungwa kwa ulimi haifunguliwi kwa bisibisi.